Siku Baba Alipomwacha Tandala

Kaa vizuri, ndugu yangu, nitakueleza polepole. Ukipotea njiani kosa litakuwa langu, si lako. Na kama wewe ni wa rika langu, uliyekulia katika mji wa wenyewe, nadhani hutapotea.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu. Mama mmoja wa kanisani alinieleza, kwa ile sauti ya msiba, kwamba Mulonda amefariki. Amekufa usingizini, akasema, hakuugua hata siku moja, Mungu amemchukua kwa upole. Nikasema pole. Nilipokata simu nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikagundua kwamba nimekasirika. Kufa kwake hakukuniudhi. Kilichoniudhi ni kwamba amekufa vizuri.

Mulonda hakuwa ndugu yetu wa damu. Alitoka upande wa kwetu, Fizi, kando ya ziwa, na kule Jeppestown, mtaa wa jiji la kusini tulikokimbilia vita, hilo lilitosha kumfanya baba yangu mdogo. Yeye alikuwa na chumba cha chini karibu na geti, sisi tulikuwa ghorofa ya pili. Alinibeba mabegani kunipeleka dukani. Ndiye aliyenifundisha kuhesabu kwa Kizulu, moja mpaka kumi, na nilipokosea alinikuna kichwa kwa kifundo cha kidole mpaka nicheke. Nakwambia haya ili uelewe kwamba nilimpenda. Mtu usiyempenda anaweza kukuumiza, lakini hawezi kukufanya uwe nilivyokuwa mimi miaka ile.

Kisha ukaja mwaka wa fujo, wageni walipofukuzwa majumbani. Sitaeleza yote. Aliyekuwepo anayajua, na ambaye hakuwepo hahitaji kuyaona. Nitakueleza dirisha tu. Ilikuwa jioni, nimesimama nyuma ya pazia, na chini getini wanaume wenye fimbo walikuwa wanamuuliza Mulonda jambo. Aliwajibu kwa Kizulu chake kizuri, huku anacheka kidogo, kama anayewaelekeza watu kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Halafu akainua mkono. Kwetu mtu haonyeshi kwa mkono. Tunaonyesha kwa midomo, au kwa kidevu, na hilo nalo tunalifanya kwa adabu. Mulonda alinyoosha mkono wote, tangu begani mpaka kwenye kidole, na kidole kikaja moja kwa moja kwenye dirisha letu. Hapohapo mtu akanivuta ukosi kutoka nyuma, pazia likanitoka mkononi.

Tulitokea dirisha la nyuma, juu ya paa la karakana ya jirani. Baba alitangulia, nikafuata, mama akawa wa mwisho. Bati lilimbeba baba, likanibeba na mimi. Mama lilimkataa. Mguu wake wa kulia ulizama ndani ya paa mpaka kwenye paja, na tulipomtoa haukuwa mguu tena, ukawa kitu cha kuvuta. Mama alikuwa msusi. Msusi kazi yake ni kusimama.

Mulonda alikuja hospitali na ndizi. Alilia mpaka wauguzi wakamhurumia. “Kaka,” alimwambia baba, “ningekuwepo, wangepita juu yangu kwanza.” Baba akamsogezea kiti. Akachukua ndizi moja, akaimenya, akaila, huku mimi nautazama ule mkono uliotuonyesha ukipangusa machozi.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Swali zuri, na jibu lake ni la kitoto, lakini lisikilize. Kanisani kwetu watu wazima walisamehe kila kitu. Mtu akikosa Jumatano, Jumapili anaitwa mbele, anawekewa mikono, wote wanaimba. Niliona wazi kwamba nikisema, watamsamehe Jumapili ileile, na mimi nitabaki na nini? Kwa hiyo nikaitunza ile siri. Niliamini ni mimi peke yangu niliyeona. Kila usiku niliitoa, nikaipangusa, nikairudisha mahali pake.

Tulihamia mtaa wa Hillbrow. Mama alirudi kusuka, safari hii akiwa ameketi kwenye kiti kirefu, wateja wakikaa chini. Baba akapata kazi Randburg, kwenye bucha ya mzee mmoja wa Kikaburu tuliyemwita Oom Kobus; Oom kwao ni mjomba. Baba alikuwa akikata nyama na kukausha biltong, vipande vya nyama vyenye viungo, na alirudi nyumbani akinuka siki na mbegu za giligilani. Oom Kobus alimpenda kwa sababu moja: baba alikuwa mwindaji. Kabla ya vita kule kwetu hakuwa na kazi nyingine. Aliweza kutazama kwato iliyokwishakatwa akasema mnyama huyu alichechemea, na Oom akipiga simu shambani anaambiwa ni kweli.

Kila majira ya baridi Oom Kobus alikwenda kuwinda tandala kwenye shamba la shemeji yake, mwendo wa saa kadhaa kaskazini ya jiji. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na bila baba alikuwa mtu mwenye bunduki nzuri na shabaha mbaya. Wakajitengenezea utaratibu wao. Oom anapiga goti na kulenga, baba anasimama nyuma yake na kuangalia, na baba akimgonga begani mara mbili, Oom anafyatua. Asipogonga, hafyatui. “Kidole ni changu,” Oom alikuwa akisema, “lakini macho ni ya Baba Riziki.” Riziki ndiye mimi.

Yale majira ya baridi ya mavuvuzela na mashindano makubwa ya mpira, miaka miwili baada ya fujo, shule zilifungwa kwa muda mrefu, na baba akanichukua twende. Nilikuwa na miaka kumi. Nilipopanda nyuma ya pikapu alfajiri ile, nikamkuta Mulonda ameketi juu ya gurudumu la akiba, amevaa jaketi lake la kahawia la ulinzi. Siku hizo alikuwa mlinzi pale kwenye maduka ya Randburg. Oom alikuwa anahitaji mtu wa kuswaga, yaani wa kuzunguka mbali na kuwasukuma wanyama polepole kuelekea kwa wawindaji.

“Eh, Riziki!” akasema. “Mtoto ya kwetu! Hesabu nione kama Kizulu changu bado kiko kwa kichwa yako.”

“Nimesahau.”

“Eish. Umesahau, ama unaringa?”

“Nimesahau yote.”

Akacheka, akanirushia blanketi. Nililikalia. Sikujifunika.

Tulipofika, baba hakuruhusu mtu aguse bunduki. Aliwasha moto, akajaza kikombe maji, akatuambia tusimame. Kule kwetu wawindaji hawatoki nyumba ikiwa na ugomvi. Kila mtu hutaja neno alilonalo juu ya mwenzake, anasukutua, anatema. Asiyetema anarudi mikono mitupu, na anawarudisha wenzake hivyohivyo.

“Mnyama anasikia kelele za moyo kabla ya kelele za miguu,” baba alimweleza Oom kwa Kiingereza chake cha bucha.

Oom alifurahi kama mtoto. “Mimi nina neno na mke wangu,” akasema. “Ameuza kiti changu.” Akatema. “Nina neno na daktari wa macho.” Akatema. “Na wewe, Baba Riziki, mwezi jana umekata biltong nene kama soli ya kiatu!” Hata baba alicheka.

Mulonda akapokea kikombe. “Mimi, kaka? Moyo wangu mweupe kama unga. Sina neno na mtu.” Akatema mbali sana, kama mchezaji wa mpira.

Baba alikaa na maji mdomoni muda mrefu, mashavu yamejaa. Mwishowe akatema. “Sina,” akasema.

Zamu yangu. “Sina,” nikasema. Nikayameza maji.

Siku hiyo ya kwanza Mulonda alibaki kambini kutazama moto, na sisi watatu tukaenda. Nataka ujue jinsi tandala anavyowindwa, maana bila hilo hutaelewa kilichofuata. Tandala dume ni mkubwa kama ng'ombe mdogo, ana pembe zilizojisokota, lakini akisimama kwenye kichaka cha miiba unaweza kumtazama usimwone. Masikio yake ni makubwa kama sahani. Humfukuzi. Unatafuta mahali atakapopita, unakaa, unamngoja akuletee mwili wake mwenyewe. Baba alikuwa na soksi yangu ya zamani ya shule aliyoijaza jivu. Kila baada ya muda aliitikisa, vumbi likatoka kidogo, na akalitazama linakwenda wapi. Likija usoni, tunakaa. Likituacha kwenda mbele, tandala atatunusa.

Tulikaa asubuhi nzima nyuma ya kichuguu. Vidole vya miguu vilikufa ganzi, vikafufuka, vikafa tena. Jua lilipokuwa limepanda, dume akatokea, mbali, anakula majani na kuja upande wetu hatua mbili, tatu. Oom alianza kupumua kwa mdomo. Baba akatikisa soksi. Jivu likayumba, likageuka, likaelekea mbele. Akagusa kiwiko cha Oom, akaanza kurudi kinyumenyume. Hatua kumi, bila kugeuza mgongo. Ndipo akageuka.

“Bado kidogo tu!” Oom alilalamika tulipofika mbali.

“Kesho bado ipo,” baba akasema. Kisha akaniinamia, maana aliniona nimevimba kwa hasira. “Mwindaji mbaya anarudi baada ya kushindwa. Mzuri anarudi wakati tandala bado hajajua kwamba kuna vita. Umeelewa?”

“Na hatua kumi ni za nini?”

“Ukigeuka haraka utajiona mwoga. Ukijiona mwoga utarudi kwa hasira, uharibu.”

Nilisema nimeelewa. Moyoni nilisema huyu ndiye mtu aliyekula ndizi.

Sasa nifike kwenye kizibao. Oom alikuwa amemletea Mulonda kizibao cha rangi ya chungwa, kile kinachong'aa, kwa ajili ya kuswaga siku ya pili. “Hiki usikivue,” alimwambia mbele yetu sote. “Risasi haina macho. Hii rangi ndiyo macho yake.” Mtoto wa hapa angeelewa mara moja kwamba rangi ile inamsaidia mpigaji kumwona mtu. Mimi nilikuwa mtoto wa Fizi. Nilikua nikisikia habari za wapiganaji wa kwetu wanaonyunyiziwa maji ili risasi ziwapite pembeni, na wanaovunja mwiko maji yakawatoka, risasi zikawatafuta. Nikajiambia, kumbe Wazungu nao wana maji yao, na wameyatia kwenye kitambaa. Niliamini bunduki ikilia popote, risasi itazunguka porini kumtafuta asiyevaa ile rangi. Sikuwaza kwamba kuna mtu atakayelenga. Mimi na baba tungekuwa nyuma ya bunduki, tuko salama. Mbele kungekuwa na tandala, na Mulonda.

Alfajiri ya siku ya pili, wanaume walipokuwa wakinywa chai, nilikitoa kizibao kwenye pikapu, nikakikunja kidogo kama leso, nikakisukuma chini kabisa ya sanduku la barafu, chini ya chupa. Mikono iliniuma kwa baridi. Nilifurahi. Siwezi kukudanganya kwamba niliogopa au nilisita. Nilifurahi kama mtu aliyekwisha kula na bado mezani kuna chakula. Niliona mguu wa mama juu ya kile kiti kirefu, nikasema leo.

Mulonda alikitafuta kidogo, akapiga mluzi, akaenda zake na fimbo. Nilimtazama mpaka jaketi la kahawia likapotelea kwenye majani makavu ya kahawia.

Sisi tukazunguka upande wa pili wa kilima, tukakaa juu ya korongo. Makubaliano yalikuwa Mulonda aje mpaka kwenye ua wa waya, asiuvuke, agonge miti kwa fimbo. Tulingoja. Baba alitikisa soksi, jivu likaja usoni kwetu, zuri, likaniingia puani. Akatikisa tena baadaye, likaja vilevile. Tukasikia fimbo mbali, ko, ko, kisha kimya. Halafu, kama mtu aliyefunguliwa mlango, dume akatoka kwenye miiba akasimama ubavu. Karibu. Niliona pumzi yake ikitoka puani kama moshi.

Oom alikuwa tayari amepiga goti. Baba alisimama nyuma yake, mimi nyuma ya baba hatua tatu. Niliona mkono wa baba ukipanda, ukafika juu ya bega la Oom. Ukabaki hapo.

Ulibaki hapo hewani kwa muda ambao sijui kuupima mpaka leo. Tandala aligeuza sikio moja. Oom hakupepesa. Nilitazama ile mikunjo ya shingo ya baba, na katika baridi yote ile, jasho lilitoka chini ya kofia likashuka ndani ya ukosi. Vidole vyake vilikaa juu ya bega, bila kuligusa. Mimi nilikuwa napumua kwa nguvu, nasema moyoni, gonga, gonga, gonga.

Mkono ukashuka. Ukaangukia paja lake mwenyewe. Baba akamvuta Oom jaketi, akaanza kurudi kinyumenyume, hatua kumi, na tandala akaondoka zake taratibu akipandisha korongo.

Oom alipopata sauti, alipiga kelele. “Alikuwa ubavu! Ubavu mtupu! Kwa nini?”

“Upepo,” baba akasema.

Jivu lilikuwa bado kwenye nyusi zangu. Nilijua anadanganya. Na kwa kuwa nilikuwa na miaka kumi na nina hasira, nilijua pia kwa nini: ni mwoga. Mtu wa kusogeza viti. Njia nzima mpaka kambini sikumwangalia.

Mulonda alifika baada yetu, anapiga mluzi. “Hamna tandala kule,” akasema. “Nimevuka hata ua nikaangalie. Nikaketi nikavuta sigara moja, sijaona hata mkia.”

“Kizibao kiko wapi?” baba akamuuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

“Sikukipata asubuhi, kaka. Nikasema sharp tu, ni sawa, nani ataniona?”

Baba akaenda kwenye sanduku la barafu kutoa maji. Akainua chupa ya kwanza, ya pili. Akasimama. Akafunika sanduku, akanitazama, akasema twende tukaokote kuni.

Tulikwenda mbali kuliko kuni zilivyohitaji.

“Ni wewe?”

Nikaokota kijiti.

“Riziki. Ni wewe?”

“Ndiyo.”

“Ulitaka nini?”

“Risasi imwone.”

Baba akaketi chini, palepale, juu ya mawe. Nilidhani atanipiga. Nikaona heri nimalize, nikasema yote kwa mara moja, geti, mkono, dirisha. “Nilimwona,” nikasema. “Mimi peke yangu nilimwona.”

“Hukuwa peke yako. Nani alikuvuta ukosi?”

Miaka miwili sikuwahi kujiuliza.

“Mama aliona,” akasema. “Aliniambia usiku uleule, kabla hawajamfunga mguu.”

“Kwa hiyo ulijua? Na ndizi yake ukaila?”

“Niliila.”

“Kwa nini?”

“Nilitaka akae karibu,” baba akasema. “Tandala akijua unamfuata, hutamfikia. Unafikiri ni nani aliyemwambia Oom amchukue huyu kuja huku?”

Nilimtazama kama mtu anayemwona mgeni ameketi ndani ya nguo za baba yake. Yule mtu wa kusogeza viti alikuwa anawinda. Miaka miwili alikuwa amekaa nyuma ya kichuguu, anatikisa jivu.

“Sikuwa na mpango,” akaendelea, kama aliyenisikia. “Nilitaka tu siku ikifika awe karibu. Leo imefika. Alikuwa amechuchumaa chini ya mti, nyuma kabisa ya tandala, anafunga kamba ya kiatu. Oom hawezi kuona mbali hivyo. Nilimwona yeye kabla sijamwona mnyama. Gonga mbili tu. Ingekuwa ajali, na hakuna ambaye angeniuliza.”

“Kwa nini hukugonga?” Na nakiri niliuliza kwa kumlaumu.

“Nilikusikia unapumua nyuma yangu.”

Mimi ndipo nilipoelewa mwishowe jinsi risasi inavyomjua mtu. Haiendi kumtafuta. Mtu huielekeza, kwa mkono wake, na siku ile nilikuwa nimempelekea baba yangu kila kitu alichokosa ili aue.

Tulirudi na kuni. Baba akakitoa kizibao, kinadondosha maji ya barafu, akamwendea Mulonda aliyekuwa ananoa kisu.

“Vaa.”

“Kimeloa, kaka. Na tumeshamaliza kuwinda.”

“Vaa tu.”

Akavaa, anacheka, anatutazama sote aone utani uko wapi. Baba akamwekea mkono juu ya bega, bila kuligusa, kama asubuhi. Akazungumza Kibembe, lugha ya kwetu Fizi, Oom asielewe. Alimwambia ni mti gani alichuchumaa chini yake. Alimwambia ni kiatu cha kushoto. Alimwambia mkono wake wa kugonga ulikuwa wapi wakati huo na bunduki ilikuwa imeelekea wapi. Kicheko kilimtoka Mulonda usoni kidogokidogo.

“Wewe siku ile uliuinua,” baba akamalizia. “Mimi leo nimeushusha. Beba hilo. Ulale nalo.”

Maji ya kizibao yalimchuruzika kwenye suruali na hakuyapangusa. “Kaka, wangeniua,” Mulonda akasema. “Waliniambia nionyeshe, la sivyo...”

“Najua. Ungekuja kuniambia hivyo, ningekuelewa. Wewe uliniletea ndizi.”

Kwenye robot ya kwanza, zile taa za barabarani, tulipoingia mjini Mulonda alishuka bila kuaga, na kizibao bado kiko mwilini. Tangu hapo alipomwona mama barabarani alivuka upande wa pili. Nilihesabu mara ngapi nilimwona akivuka, na kila mara nilishiba kidogo. Nakwambia ukweli huu kwa sababu sikusimulii haya ili nionekane nimemsamehe. Sijamsamehe. Msibani kwake sikwenda.

Lakini baba ndiye aliyelipa. Oom Kobus hakusahau tandala yule aliyesimama ubavu. Alisimulia bucha nzima, na wakata nyama wakampa baba jina la Bwana Upepo. Miaka mingi: “Bwana Upepo, leta msumeno! Bwana Upepo, leo kunavumaje?” Angeweza kueleza kwa sentensi moja. Aliitika, akaleta msumeno. Siku moja nilipompelekea chakula nikayasikia, nikataka kuwajibu. Baba akanikanyaga mguu chini ya meza, akaendelea kula.

Nimefikiri sana juu ya mkono ule, na nitakwambia ninachoamini. Subira peke yake si wema. Baba alikuwa na subira ya miaka miwili, na ilikuwa ikimpeleka kuua. Mimi nami nilikuwa nayo, ya kitoto. Kilichomwokoa ni kwamba alizoea kurudi nyuma. Alikuwa amerudi mara nyingi mno kwa sababu ya jivu, mpaka mwili wake ulijua njia kabla ya akili. Wala hakuungoja moyo wake upoe. Haukuwa umepoa, niliona jasho lake.

Wewe pia una mtu wako. Sitakuuliza jina. Huenda siku moja atakuletea mwili wake mwenyewe, ubavu mtupu, na hakuna atakayekuuliza. Utatamani kwanza umsamehe ndipo uondoke, na utashindwa, na kwa kushindwa huko utabaki pale. Usingoje kusamehe. Shusha mkono kwanza. Rudi nyuma hatua kumi ukiwa na hasira yako yote, kisha ukae chini.